Kisahani Juu ya Mlingoti: Historia ya Moduli ya GPS kwenye Droni

Moduli ya GPS ya droni ya propela nne ni kisahani cha plastiki chenye upana wa sentimita tano au sita, kinachosimamishwa juu ya kijiti katikati ya droni, juu kuliko kila kitu kingine. Kwenye mfuniko wake kuna mshale. Mfuniko ukiondolewa, kitu cha kwanza kuonekana ni kigae cha kauri chenye umbo la mraba, mara nyingi milimita 25 kila upande: hiyo ndiyo antena. Chini yake kuna kipokezi cha mawimbi ya setilaiti. Pembeni kuna kibetri cha kutunza kumbukumbu, na kwenye kona kuna chipu nyeusi ndogo kama nusu ya punje ya mchele. Chipu hiyo haina uhusiano wowote na setilaiti. Ni dira.

Kisahani kimoja, basi, kinabeba vyombo viwili. Kipokezi kinajibu swali la droni iko wapi, na dira inajibu swali la droni imeelekea upande gani. Maswali hayo ni tofauti, na kila moja lina historia yake. La kwanza lilijibiwa kwa saa zilizopelekwa angani katika nusu ya pili ya karne ya 20. La pili mabaharia walikuwa wamelijibu kwa sindano ya sumaku karne nyingi kabla. Hatua zote anazofuata fundi anapofunga moduli hii, tangu kuinua mlingoti hadi kusubiri taa ibadilike rangi, zimetokana na namna historia hizo mbili zilivyokutana juu ya chombo kidogo kinachotetemeka.

Mlio wa Sputnik

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza kutengenezwa na binadamu. Ilikuwa tufe la kilo 83 lililotoa mlio mfupi wa redio, ukijirudia bila kukoma, kwenye masafa ya karibu megahezi 20. Siku chache baadaye, katika Maabara ya Fizikia Tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, jimboni Maryland nchini Marekani, wanafizikia William Guier na George Weiffenbach walitega redio na kuurekodi mlio huo. Walichokisikia ni kile anachokisikia mtu aliyesimama kando ya barabara basi likipita huku linapiga honi: sauti huwa nyembamba likija, huwa nene likienda. Badiliko hilo huitwa athari ya Doppler. Kwa kulipima, wawili hao walikokotoa njia nzima ya Sputnik kuizunguka dunia bila kutoka mahali walipokaa.

Machi 1958 mkuu mmoja wa maabara hiyo, Frank McClure, aliwageuzia swali. Ikiwa mtu aliye mahali panapojulikana anaweza kuijua njia ya setilaiti, je, anayeijua njia ya setilaiti hawezi kupajua mahali alipo? Swali lilikuwa na haraka ya kijeshi, kwani nyambizi za Marekani zilizoandaliwa kubeba makombora ya Polaris zilihitaji kujua zilipo katikati ya bahari. Jibu likawa mfumo wa Transit. Setilaiti yake ya kwanza kufika angani salama, Transit 1B, ilirushwa Aprili 1960. Jeshi la majini lilianza kuutegemea mfumo huo mwaka 1964, na mwaka 1967 ukafunguliwa kwa meli za kiraia.

Transit ulikuwa na mipaka yake. Setilaiti zilikuwa chache, hivyo nahodha alilazimika kusubiri moja ipite juu yake ndipo apate kipimo. Aidha, mwendo wa chombo chenyewe uliingia kwenye hesabu na kuipotosha. Kwa meli iendayo polepole hayo yalivumilika. Kwa ndege hayakuvumilika, sembuse kwa chombo chepesi kinachoweza kusukumwa na upepo mita kadhaa kwa sekunde moja.

Saa zinapelekwa angani

Dawa ilikuwa kuacha kupima badiliko la mlio na kupima muda wenyewe. Katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, Roger Easton aliongoza mradi wa Timation, uliorusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1967 ikiwa na saa ndani yake. Jeshi la anga nalo lilikuwa na mradi wake. Septemba 1973 kundi la maofisa na wahandisi chini ya Kanali Bradford Parkinson lilijifungia katika jengo la Pentagon mwishoni mwa juma la sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, likachukua lililo bora katika miradi hiyo na kuunda mmoja. Huo ndio ulioitwa Navstar GPS. Setilaiti yake ya kwanza iliruka tarehe 22 Februari 1978.

Kanuni yake ni rahisi kuieleza, ingawa kuitimiza kulichukua zaidi ya miaka ishirini. Kila setilaiti, ikiwa kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, hutangaza mambo mawili: ni saa ngapi na iko wapi. Mawimbi ya redio husafiri sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kipokezi hulinganisha saa ya kutumwa na saa ya kupokea, kisha hugeuza tofauti hiyo kuwa umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kuonyesha mahali, lakini saa ya kipokezi ni ya bei ndogo, na ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, kosa lake ni mita 300. Ndiyo maana setilaiti ya nne inahitajika: inamwezesha mpokeaji kuisahihisha saa yake mwenyewe. Fundi wa leo anayeona kwamba droni haikubali kuwaka hadi setilaiti za kutosha zipatikane anakutana na hesabu hiyo ya namba nne zisizojulikana.

Saa za setilaiti ni za atomu, na hata hizo zilihitaji kurekebishwa kwa kufuata nadharia za Einstein. Angani, mbali na mvutano wa dunia, saa hukimbia mbele. Mwendo mkubwa wa setilaiti nao huichelewesha kidogo. Jumla yake ni kutangulia kwa maikrosekunde 38 kila siku, kosa ambalo lingezaa upotofu wa zaidi ya kilomita kumi kwa siku. Saa hizo hupunguzwa kasi kwa makusudi kabla ya kurushwa.

Kazi nyingine isiyoonekana ilikuwa kulijua umbo halisi la dunia, kwa kuwa dunia si tufe kamili. Mwanahisabati Gladys West, mwanamke Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika kituo cha jeshi la majini cha Dahlgren, Virginia, alikuwa miongoni mwa walioandika programu za kompyuta zilizokokotoa umbo hilo kwa data za setilaiti. Mchango wake ulitambuliwa hadharani akiwa mzee, mwaka 2018, na ulistahili kutambuliwa mapema zaidi: kimo na mahali anavyovisoma rubani wa droni vinasimama juu ya hesabu za aina hiyo. Ardhini, setilaiti zilifuatiliwa kutoka vituo vichache, kimojawapo kikiwa kwenye kisiwa cha Diego Garcia katika Bahari ya Hindi.

Mlango wafunguliwa kwa raia

Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari namba 007, ilipotea njia ikaingia anga la Umoja wa Kisovieti, ikatunguliwa. Watu wote 269 waliokuwemo walikufa. Majuma mawili baadaye serikali ya Rais Ronald Reagan ilitangaza kwamba GPS itakapokamilika, raia wa dunia nzima wataruhusiwa kuitumia bila malipo. Mfumo ulikamilika mwaka 1995 ukiwa na setilaiti 24.

Hata hivyo raia hawakupewa usahihi wote. Jeshi la Marekani liliingiza kosa la makusudi kwenye mawimbi ya kiraia, hivyo kipokezi cha kawaida kingeweza kukosea kwa umbali wa hadi mita 100. Kwa meli iliyo bahari kuu, mita 100 si kitu. Kwa chombo kidogo kinachotakiwa kusimama juu ya kiwanja, ni sawa na kuambiwa kwamba kipo mahali fulani mtaani.

Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton alitangaza kwamba kosa hilo linaondolewa, na saa chache baadaye likaondolewa. Vipokezi vilivyokuwa tayari mikononi mwa watu, bila kubadilishwa hata skrubu moja, vikaanza kuonyesha mahali kwa kosa la mita 10 hadi 20 au pungufu. Bila uamuzi ule, droni ndogo inayojishikilia yenyewe hewani isingekuwa kitu cha kujengwa nyumbani.

Propela nne zasubiri karne nzima

Wazo la kuruka kwa propela nne ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1907 huko Douai, Ufaransa, ndugu wa Breguet wakiwa na Profesa Charles Richet waliinua kutoka ardhini chombo chenye mapanga pande nne. Kiliinuka kidogo tu, na watu wanne walikishika kwenye pembe zake kisipinduke. Mwaka 1922 chombo cha George de Bothezat kiliruka huko Dayton, Marekani, na Mei 1924 Étienne Oehmichen alikamilisha mzunguko wa kilomita moja nchini Ufaransa kwa dakika saba na sekunde arobaini. Baada ya hapo njia hiyo iliachwa kwa sehemu kubwa. Helikopta ya panga moja kubwa ikashinda.

Sababu ya kushindwa ni hii: chombo cha propela nne hakina utulivu wake chenyewe. Kila propela lazima iongezwe au ipunguzwe kasi mara nyingi kwa sekunde, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kazi hiyo. Ilibidi ingojwe kompyuta ndogo, na vihisi vya mwendo vyepesi vya kuipa habari. Vihisi hivyo vilikuja kwa njia ya kando. Miaka ya 1990 viwanda vya magari vilivihitaji kufyatua mifuko ya hewa wakati wa ajali. Baadaye simu na michezo ya video viliviongezea soko, bei ikashuka.

Mwaka 2006 mradi wa MikroKopter ulianza Ujerumani, ukiwawezesha watu kujenga droni za propela nne mezani kwao. Mwaka 2010 programu ya MultiWii ilizaliwa, ikiendeshwa na vihisi vilivyong'olewa kutoka rimoti za mchezo wa Nintendo Wii. Nchini Marekani Chris Anderson na Jordi Muñoz walianzisha kampuni ya 3D Robotics mwaka 2009, na mradi wa ArduPilot, uliokuwa umeanza kwa ndege za mabawa, ukazaa ArduCopter kwa ajili ya propela nyingi. Zürich, Uswisi, ndipo ulipoanzia mradi wa Pixhawk. Programu nyingi kati ya hizi zilitolewa wazi, yeyote azisome na kuzirekebisha, na moyo huo wa kugawana ndio ulioiharakisha kazi.

Vihisi vya mwendo viliiweka droni sawa, isilale upande. Lakini havikuiambia iko wapi. Droni iliyonyooka kabisa huchukuliwa na upepo kama jani. Hapo ndipo moduli ya GPS ilipohitajika, na vipokezi vya kampuni kama u-blox ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1997, vilikuwa vimekuwa vidogo na vya bei nafuu vya kutosha kubebwa.

Dira yapanda mlingotini

Wajenzi wa mwanzo waligundua upesi kwamba kujua mahali hakutoshi. Kipokezi cha GPS huona mwelekeo wa safari, hakioni mwelekeo wa pua. Ndege ya mabawa haihitaji zaidi ya hapo, kwa sababu huenda mbele wakati wote, na pua yake hutazama karibu na kule inakoenda. Droni ya propela nne husimama hewani, hurudi nyuma, huenda kiubavu. Kompyuta yake ikisema "rudi mita mbili kaskazini", lazima ijue kaskazini iko upande gani wa mwili wake.

Neno rubani liliingia Kiswahili kutoka Kiarabu likimaanisha mwongoza chombo baharini, kabla ndege hazijakuwapo, na dira ilikuwa chombo chake. Wajenzi wa droni walirudi kwenye chombo hichohicho, safari hii kikiwa chipu. Iliyoenea zaidi ilikuwa HMC5883L ya kampuni ya Honeywell, yenye upana wa milimita tatu, ikipima nguvu ya sumaku ya dunia katika pande tatu.

Mwanzoni dira iliwekwa kwenye ubao uleule wa kompyuta ya droni, katikati ya nyaya za betri. Hapo ikaleta balaa. Nguvu ya sumaku ya dunia katika Afrika Mashariki ni takribani maikrotesla 33 au 34. Waya mmoja ulionyooka, ukipitisha ampea 20, huzalisha maikrotesla 80 kwenye umbali wa sentimita tano. Maana yake ni kwamba rubani alipoongeza moto ili droni ipande, waya wa betri uliizidi dunia nzima kwa nguvu, na dira ikageukia kwenye waya.

Matokeo yake yalionekana wazi hewani. Droni iliyoamriwa kusimama husogea kidogo kwa upepo. Kompyuta huamuru irudi, lakini kwa kuwa dira imepotoka, amri hutekelezwa kiupande. Droni hukosa mahali pake, hurekebisha tena, tena kiupande, na hivyo huanza kuchora duara. Duara likikua, droni huzunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu, na mafundi wakaliita tatizo hilo mzunguko wa bakuli la choo. Upotofu ukiwa mkubwa zaidi, kila marekebisho huipeleka droni mbali badala ya kuirudisha, nayo hutoroka.

Dawa ilikuwa umbali. Nguvu ya sumaku ya waya hupungua kadiri mtu anavyosogea mbali nao, na nyaya mbili za betri, ya kwenda na ya kurudi, zikisokotwa pamoja hufutana kwa sehemu kubwa. Mwaka 2013 ubao wa APM 2.6, wa mradi wa ArduPilot, ulitoka ukifanana na uliotangulia, 2.5, isipokuwa jambo moja: dira ya ndani iliondolewa. Ilihamishiwa kwenye kisahani cha GPS, kwa kuwa antena nayo ilikuwa ikitafuta mahali palepale pa juu, ipate kuiona anga bila kuzibwa. Vyombo viwili vilivyokuwa na sababu tofauti za kupanda vikapanda pamoja. Hiyo ndiyo sababu ya mlingoti.

Mshale ulio juu ya mfuniko umetokana na uhamisho huo. Kwa kipokezi, kisahani kikizungushwa hakuna kinachobadilika. Kwa dira, kikigeuzwa nyuzi 90, kaskazini inakuwa mashariki. Mshale huelekezwa mbele ya droni, na asiyeweza kufanya hivyo kwa sababu ya nafasi huiambia programu nyuzi alizogeuza.

Baada ya kufunga, dira husawazishwa: fundi huinua droni mikononi na kuigeuza polepole kila upande, pua juu, pua chini, ubavu hadi ubavu, ili programu iione nguvu ya dunia katika kila pembe na kuzitambua skrubu za chuma na injini zinazoivuta dira. Hilo hufanyika uwanjani, mbali na magari, zege lenye nondo na simu iliyo mfukoni.

Lipo pia tatizo la kale zaidi: kaskazini ya sumaku si kaskazini ya ramani. Edmond Halley alisafiri Bahari ya Atlantiki kwa merikebu ya Paramore kati ya 1698 na 1700 akipima tofauti hiyo, na mwaka 1701 akachapisha ramani yake. Huko Seattle tofauti hiyo ni karibu nyuzi 15. Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania ni nyuzi chache tu. Zamani fundi aliiandika mwenyewe kwenye programu. Leo programu nyingi hubeba jedwali la dunia nzima, na kipokezi kikishajua mahali, dira husahihishwa papo hapo. Ni mfano mzuri wa chombo kimoja kumsaidia mwenzake.

Nyaya, lugha na subira

Nyaya za moduli kwa kawaida ni sita. Mbili ni za umeme. Mbili ni za kipokezi, moja ya kutuma na nyingine ya kupokea, nazo hupishanishwa: kinywa cha mmoja huungwa na sikio la mwenzake. Makosa mengi ya wanaoanza yako hapo. Mbili za mwisho ni za dira, ambayo huzungumza na kompyuta kwa njia yake, kando na kipokezi.

Lugha ya kipokezi ilirithiwa kutoka baharini. NMEA 0183 ilitolewa mwaka 1983 na chama cha wafanyabiashara wa vifaa vya kielektroniki vya meli nchini Marekani. Kila taarifa ni mstari wa herufi unaoanza kwa alama ya dola, ambao mtu anaweza kuusoma kwa macho. Mwendo wake wa awali ulikuwa biti 4,800 kwa sekunde, na kipimo kipya kilifika mara moja kwa sekunde. Droni iendayo mita 10 kwa sekunde ingekuwa imesogea mita 10 kati ya habari moja na nyingine. Ndiyo maana mafundi walihamia lugha fupi za kompyuta, kama UBX ya u-blox, na kuongeza vipimo hadi vitano au kumi kwa sekunde. Programu za kisasa huifanya kazi hiyo zenyewe betri inapounganishwa.

Jambo moja halikuharakishwa: kuamka. Setilaiti hutangaza habari zake kwa biti 50 kwa sekunde, mwendo uliopangwa miaka ya 1970. Maelezo ya njia ya setilaiti moja hurudiwa kila nusu dakika, na kalenda ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Moduli mpya, au iliyokaa miezi kabatini hadi kibetri chake kikaisha, huanza bila kujua lolote, hivyo fundi huiweka mahali peupe na kungoja. Iliyotumika saa chache zilizopita huamka upesi kwa kuwa bado inakumbuka.

Idadi ya setilaiti peke yake si dhamana. Zikirundikana upande mmoja wa anga, kosa hukua; zikitawanyika pande zote, hupungua. Programu hulipima hilo kwa namba iitwayo HDOP, na namba ndogo ndiyo njema. Droni huruhusiwa kuruka na kuweka kumbukumbu ya "nyumbani" pake baada ya namba hiyo kutulia. Subira hiyo ina maana kubwa, kwa sababu nyumbani ndipo droni itakaporudi mawasiliano ya rimoti yakikatika. Kipimo kikiwa kibovu wakati huo, itarudi kwa utiifu mahali pasipo pake.

Kutoka mezani hadi dukani

Januari 2013 kampuni ya DJI ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa na Frank Wang mwaka 2006, ilitoa Phantom, droni nyeupe iliyouzwa ikiwa tayari kuruka. GPS ilikuwa ndani ya ganda lake, na dira ilifungwa kwenye mguu wa kutulia: hakukuwa na mlingoti, lakini kanuni ya umbali ilikuwa ileile. Taa ilimweka nyekundu hadi setilaiti za kutosha zipatikane. Mnunuzi asiyewahi kushika chuma cha kulehemu sasa aliweza kuachia rimoti na kukiona chombo kikitulia hewani.

Wepesi huo ulificha mambo. Wengi waliruka bila kusubiri nyumbani pawekwe kumbukumbu, au walisawazisha dira juu ya zege lenye nondo, na droni zao zikatoroka. Maarifa yaliyokuwa yamelipiwa kwa propela zilizovunjika hayakuwamo kwenye boksi, isipokuwa katika kurasa za mwongozo ambazo wachache walizisoma.

Afrika Mashariki chini ya setilaiti

Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, ukiwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, picha za droni zikiwa miongoni mwa nyenzo zake. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba. Oktoba mwaka huohuo Rwanda ilianza kupelekewa damu hospitalini na ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline kutoka Muhanga. Ndege za Zanzibar na Rwanda zilikuwa za mabawa, lakini kipokezi kilichoziongoza kilifuata kanuni ileile.

Eneo hili lina tabia yake ya anga. Tabaka la juu lenye chembe za umeme, ambalo mawimbi ya setilaiti hupenya, huchafuka zaidi karibu na ikweta ya sumaku, hasa jua likishazama, katika miezi ya Machi na Septemba, na miaka ambayo jua lina msukosuko. Hapo mawimbi humetameta kama nyota, na kipokezi kinaweza kupoteza setilaiti kilizokuwa kikizishika vizuri mchana. Vituo vya kudumu vya kupimia, kikiwamo cha Malindi kwenye kituo cha anga cha Luigi Broglio, vimewasaidia wanasayansi kuifuatilia hali hiyo. Kwa rubani wa droni, funzo ni la moja kwa moja: kazi ya vipimo hufanywa mchana, na jioni isiyotulia si wakati wa kumlaumu fundi.

Maswali mawili, jibu moja

Marekani haiko tena peke yake angani. GLONASS ya Urusi, iliyoanza kurushwa mwaka 1982 na kudhoofika miaka ya 1990, ilikamilishwa upya mwaka 2011. Galileo ya Ulaya ilianza huduma mwaka 2016, na BeiDou ya China ilikamilika kwa dunia nzima mwaka 2020. Moduli za kawaida sasa husikiliza mifumo kadhaa kwa pamoja, na setilaiti chache zilizotosha kwa Phantom zimekuwa kumi na tano au ishirini.

Njia ya RTK imeusogeza usahihi hadi sentimita. Kipokezi cha pili huwekwa ardhini mahali panapojulikana, nacho huiambia droni kosa la anga la wakati uleule. Na vipokezi viwili vya namna hiyo vikifungwa kwenye droni moja, kimoja mbele na kingine nyuma, mstari kati yao huonyesha pua imeelekea wapi bila sumaku yoyote. Hapo setilaiti zinajibu maswali yote mawili, na waya wa betri hauwezi kuzidanganya.

Vifaa hivyo bado ni ghali na vizito kwa droni nyingi. Kwa hizo, kisahani kinabaki juu ya mlingoti, mshale mbele, nyaya za betri zikiwa zimesokotwa chini yake, na fundi akiwa amesimama uwanjani anaisubiri taa.